Namna ya Kusoma Mabaki ya Hekalu la Kikhmeri Ndani ya Monasteri ya Leo

Watawa wengi wa Kambodia, na baadhi ya wenzao wa Thailandi, wanaishi uwanja mmoja na magofu yenye umri wa miaka elfu moja. Lolei, karibu na Siem Reap, ina minara minne ya matofali ya mwaka 893, na vihara ya kisasa, yaani jumba kuu la ibada la monasteri, iko hatua chache tu kutoka hapo. Wat Athvea, kusini mwa mji huohuo, ina hekalu zima la mawe ya mchanga la karne ya 12. Wat Nokor ya Kampong Cham imekwenda mbali zaidi: vihara imejengwa ndani ya gofu lenyewe na kushikana na mnara wa kati. Upande wa Thailandi kuna Prasat Sa Kamphaeng Yai katika mkoa wa Si Sa Ket, na Wat Kamphaeng Laeng mjini Phetchaburi.

Sababu si ngumu kuiona. Wafalme wa Khmeri walijenga hasa kwa ajili ya miungu ya Kihindu Shiva na Vishnu, na Jayavarman VII, aliyetawazwa mwaka 1181, akajenga kwa ajili ya Ubudha wa Mahayana. Kuanzia karne ya 13 Ubudha wa Theravada ulienea hadi vijijini, na watawa wake wakakaa palepale palipokuwa pakiheshimiwa tayari, penye kilima cha kukwepa mafuriko, bwawa la maji na mawe ya kujengea.

Ugumu wa kusoma gofu la namna hii unatokana na hilohilo. Gofu la porini limelala kama lilivyoanguka. La monasteri limetumika bila kukoma: mawe yamebebwa, yamegeuzwa, yamepakwa rangi, na linta, jiwe la kulala lililokuwa juu ya mlango wa mnara, leo ni benchi chini ya mti. Kwa hiyo soma kwanza visivyoweza kuhama, yaani mwelekeo, maji, msingi na ukuta wa ua. Linta na sanamu ziwe za mwisho. Wageni wengi hufanya kinyume: huikimbilia nakshi nzuri kuliko zote, huipa karne, kisha hulipatia hekalu zima karne hiyohiyo.

Kabla ya kufika

Fungua picha za setilaiti na utafute umbo la mstatili: handaki la maji, safu ya miti inayokunja pembe ya digrii 90, matuta ya mashamba ya mpunga yaliyonyooka kuliko mengine. Hekalu la kawaida lina handaki linaloliviringa, likikatwa na njia ya udongo upande wa mashariki, na mara nyingine magharibi pia. Malambo makubwa ya enzi ya Angkor, mji mkuu wa kale wa Wakhmeri, yamelala mashariki-magharibi. Indratataka, ambalo Lolei ilikuwa kisiwa chake, lilikuwa na urefu wa kilomita 3.8 na upana wa mita 800. Leo halina maji, ila kingo zake bado zinaonekana vizuri ukitazama kutoka juu.

Maeneo mengi ya Kambodia yameorodheshwa katika ramani ya mtandaoni inayoitwa CISARK. Humo utaona namba za IK, zilizotokana na orodha ya Mfaransa Lunet de Lajonquière ya mwanzoni mwa karne ya 20, na namba za K, ambazo ni za maandishi ya kuchongwa. Andika zote mbili kwenye daftari kabla hujaondoka. Tahadhari moja: ramani za zamani za karatasi zilitumia vipimo vya Indian 1960, na simu yako inatumia WGS84. Ukihamisha namba za ramani hizo moja kwa moja utajikuta mamia ya mita kutoka unapopataka, pengine katikati ya shamba la mtu.

Msimu mzuri ni wa kiangazi, Novemba hadi Aprili. Machi na Aprili joto ni kali, lakini maji ya mabwawa yameshuka na ngazi za kingoni za lateraiti, jiwe jekundu lenye vishimo, zimejitokeza. Epuka siku 15 za Pchum Ben, Septemba au Oktoba, kwani monasteri hujaa familia zinazoleta chakula kwa ajili ya marehemu wao. Siku takatifu za kila mwezi, tarehe 8 na 15 za mwezi kuandama na kufifia, nazo zina shughuli nyingi asubuhi.

Lolei iko ndani ya hifadhi ya Angkor, kwa hiyo unahitaji tiketi. Tangu 2017 bei kwa mgeni ni dola 37 kwa siku moja, 62 kwa siku tatu na 72 kwa siku saba.

Beba dira ya mkononi, utepe wa kupimia wa mita 5 na mwingine wa mita 30, tochi yenye mwanga wa kusogezwa, kadi ya kipimo ya sentimita 10, daftari lenye miraba na penseli mbili. Chaki iache nyumbani.

Kuingia uwanjani

Hapa ni makazi ya watu. Funika mabega na magoti. Vua kofia ukipita lango, vua viatu kabla ya kupanda ngazi za vihara, na ukiketi kunja miguu kwa pembeni ili nyayo zisielekee sanamu wala mtawa. Mwanamke asimkabidhi mtawa kitu mkononi. Akiweke mezani au juu ya kitambaa ambacho mtawa atakitandaza. Mlo wa mwisho wa watawa unaliwa kabla ya saa sita mchana, kwa hiyo kufika saa tano ukiwa na maswali ni kumkatiza mtu chakula ambacho hatakipata tena hadi kesho yake.

Mtu wa kumtafuta kwanza ni achar, mlei mzee anayeongoza ibada na kujua mali ya monasteri. Mwite Lok Achar. Mtawa mzee huitwa Lok Ta. Msalimie achar kwa kuunganisha viganja usawa wa kidevu, na mtawa viganja vipande hadi usawa wa nyusi. Eleza unachotaka kuona, omba ruhusa ya kupima na kupiga picha, na uulize swali hili, ambalo mara nyingi lina faida kuliko vipimo vya siku nzima: jiwe gani limetoka wapi, na nani alilisogeza? Vihara nyingi zilibomolewa au kuharibiwa wakati wa utawala wa Khmer Rouge, 1975 hadi 1979, zikajengwa upya baadaye. Wazee walioshiriki ujenzi huo wanakumbuka msingi ulipochimbwa na kilichotoka ardhini.

Kuna pahali pa kutogusa hata kama hapana kizuizi. Kibanda kidogo chenye jiwe lililovunjika, ubani na kitambaa chekundu ni makao ya neak ta, mzimu mlinzi wa eneo. Jiwe hilo linaweza kuwa kiwiliwili cha sanamu ya karne ya 10. Litazame, liandike, usilinyanyue. Minara midogo ya chedei ina majivu ya wafu, basi si pa kukalia wala kuegemea mkoba.

Kama hekalu liko mikoa ya kaskazini-magharibi au karibu na mpaka wa Thailandi, usitoke kwenye njia iliyokanyagwa ili kufuata ukuta uliozama kichakani. Vibao vyekundu vyenye fuvu vina maana halisi: mabomu ya ardhini bado yapo.

Dira na maji

Simama mita kadhaa mbali na zege lenye nondo na mbali na rundo la lateraiti, ambayo ina chuma, kisha pima mwelekeo wa mnara, wa ukuta wa ua na wa vihara mpya. Andika kila kimoja peke yake. Hekalu la Kikhmeri kwa kawaida hutazama mashariki: mlango halisi ni mmoja, na pande tatu zilizobaki zina milango ya bandia iliyochongwa. Wat Athvea hutazama magharibi, kama Angkor Wat. Preah Vihear hutazama kaskazini, na Phimai kusini-mashariki. Vihara za leo pia hutazama mashariki, kwa hiyo kulingana kwa mielekeo peke yake hakuthibitishi kitu. Kinachofaa kuangaliwa ni kama mhimili wa vihara umekaa juu ya mhimili wa mnara. Ukiwa umekaa, yaelekea vihara imejengwa juu ya jukwaa la kale, na pembe za ngazi zake zitaonyesha mawe ya lateraiti chini ya saruji.

Ukikuta jengo dogo lenye mlango unaotazama magharibi ndani ya ua wa hekalu la mashariki, usidhani mtu amelijenga vibaya. Majengo yanayoitwa maktaba hukaa pembe ya kusini-mashariki, au kusini-mashariki na kaskazini-mashariki kwa pamoja, na hufunguka magharibi kuelekea patakatifu. Wat Athvea inayo manne.

Dalili nyingine ya mwelekeo ni mkondo wa maji matakatifu. Maji yaliyomwagwa juu ya linga, nguzo fupi ya jiwe inayomwakilisha Shiva, yalitiririka kwenye kitako chenye mdomo, na mdomo huo ulielekea kaskazini. Mahali pengine maji yalipita ndani ya ukuta kupitia mfereji wa jiwe na kutokea nje upande wa kaskazini. Tafuta tundu hilo chini ya ukuta kwa tochi. Likiwepo, mwelekeo wa asili umethibitika hata kama milango yote imeanguka. Lolei ina mpangilio wa pekee: katikati ya minara minne kuna mifereji ya jiwe la mchanga iliyopangwa kama msalaba, ya kusambaza maji pande nne.

Kutenganisha kipya na cha kale

Tofali la kale halina tundu, ni zito, na lilisuguliwa na mwenzake hadi likakaa bila nafasi. Kiunganishi kilikuwa gundi la mimea, ndiyo maana mstari kati ya tofali na tofali hauonekani vizuri. Tofali la kiwandani lina matundu, na saruji kati yake ina unene wa sentimita moja au zaidi. Ukikuta matofali ya kale yaliyounganishwa kwa saruji nene, huo ni ukarabati; chora mpaka wake kwenye mchoro. Pima matofali kumi, urefu, upana na kimo, uandike wastani. Vipimo vikibadilika ghafla kutoka mnara mmoja hadi mwingine, huenda minara hiyo haikujengwa kwa awamu moja.

Nje ya matofali palikuwa na lipu ya chokaa iliyofinyangwa nakshi. Sehemu kubwa imeanguka. Matundu madogo yaliyotapakaa ukutani mara nyingi yalitobolewa ili lipu ishike, kwa hiyo usiyaandike kuwa ni ya risasi kabla hujaona kingo zake: tundu la risasi lina mmeguko unaopanuka nje, la lipu limekatwa sawasawa.

Lateraiti ni ile nyekundu yenye vishimo kama sega la nyuki. Hukatwa ikiwa laini ardhini na kukakamaa ikikauka. Haichongeki vizuri, hivyo ilitumika kwa misingi, kuta za ua, ngazi za mabwawa na, enzi ya Jayavarman VII, kwa majengo mazima ya mikoani. Jiwe la mchanga lilitengwa kwa milango, linta, nguzo na sanamu, na baadaye kwa mahekalu yote makubwa. Matundu ya duara yenye kipenyo cha sentimita 2 hadi 4 kwenye vipande vya jiwe hili ni ya vigingi vya kunyanyulia. Mashimo yenye umbo la herufi I, nusu kwenye jiwe hili na nusu kwenye jirani yake, yalikuwa ya vyuma vya kubania. Jiwe lenye nusu ya shimo hilo na lisilo na jirani limehama.

Hakuna tao la kweli. Mawe yamepandana, kila tabaka likijongea ndani kidogo hadi yakutane juu. Ukiona tao la duara lenye jiwe la kufungia katikati, ni la baadaye sana.

Ramani zinazojirudia

Jayavarman VII alirahisisha kazi ya msomaji. Maandishi ya hekalu la Ta Prohm ya mwaka 1186 yanataja hospitali 102, na hekalu la kila hospitali lilifuata ramani ileile: mnara mmoja unaotazama mashariki, maktaba moja pembe ya kusini-mashariki, ukuta wa lateraiti, lango moja la mashariki, na bwawa la mstatili nje ya ukuta upande wa kaskazini-mashariki. Ukipata vitu vitatu kati ya hivyo vitano, nenda moja kwa moja mahali kinapotakiwa kuwa cha nne. Mara nyingi bwawa bado lina maji na watawa huchota humo.

Maandishi ya Preah Khan ya 1191 yanataja nyumba za mapumziko 121 kando ya barabara. Mahekalu yake ni chumba kirefu chenye mnara mwisho wa magharibi na madirisha upande wa kusini tu. Ukuta mrefu wa lateraiti wenye madirisha ya kusini na usio na hata moja kaskazini ni wa aina hii.

Kwa enzi za kabla yake usitegemee ramani moja. Minara mitatu kwenye jukwaa moja, ikipangwa kaskazini-kusini, kwa kawaida ni ya Shiva katikati na Brahma na Vishnu pembeni, kama Phnom Krom, kilima ambacho nacho kina monasteri. Minara iliyojengwa kwa ajili ya wazazi na mababu wa mfalme, kama Lolei, hupanga wanaume mbele na wanawake nyuma. Pale Lolei jinsia ya walinzi waliochongwa kwenye vidaka hufuata mpangilio huo: walinzi wa kiume minara ya mashariki, wa kike minara ya magharibi.

Mawe yaliyohama

Sasa zunguka monasteri yote: chini ya miti, nyuma ya jiko, kando ya kisima, mbele ya ngazi za vihara, ndani ya vihara chini ya sanamu kubwa. Kila jiwe lipe namba kwenye mchoro wako, kamwe si juu ya jiwe. Utakayokutana nayo zaidi ni haya.

Kitako cha sanamu au cha linga ni jiwe la mraba lenye tundu la mraba katikati na mdomo upande mmoja. Siku hizi hubeba sanamu ya Buddha, au hugeuzwa juu chini kuwa meza. Linga kamili ina sehemu tatu: chini mraba, katikati pembe nane, juu duara. Sehemu mbili za chini zilikuwa zimezama kwenye kitako, kwa hiyo nguzo fupi yenye maumbo hayo matatu si nguzo ya jengo.

Bapa la mraba lenye vijishimo vingi vilivyopangwa kwa ulinganifu ni jiwe la amana, lililowekwa chini ya kitako likiwa na vipande vya dhahabu au vito. Karibu yote yamekwisha kuporwa. Jiwe lenye shimo la duara lisilopenya, pembeni mwa kizingiti, ni la kuzungushia mlango wa mbao. Nguzo fupi zilizokerezwa mapete ni za madirisha, na zinapendwa sana kama uzio wa bustani. Jiwe la mviringo lenye majani ya yungiyungi ni kilele cha mnara. Bapa lenye miguu mifupi, mara nyingine pamoja na mchi wa kulala, ni jiwe la kusagia manukato na viungo vya ibada. Simba na ng'ombe Nandi hujulikana kwa urahisi. Nandi wa asili alilala akilitazama patakatifu, basi akiwa anatazama barabara, ujue amesogezwa.

Kuzunguka vihara kuna mawe manane ya mpaka, yanayoitwa sema, katika pande kuu nne na pande za kati. La tisa limefukiwa katikati. Kagua yote manane. Mengine yanaweza kuwa ni kipande cha mwimo wa mlango wa kale kilichochongwa upya, na maandishi yakiwa yamefichwa upande wa ndani.

Linta na nguzo zake

Linta ya nakshi ndiyo inayotoa tarehe vizuri kuliko kitu kingine chochote, kwa sharti moja: ithibitishe kwanza kwamba ilikuwa ya mlango huo. Pima upana wa mlango kati ya miimo, kisha upana wa sehemu laini ya chini ya linta kati ya mahali zilipokaa nguzo ndogo mbili za mapambo. Tofauti ya sentimita kumi ni ushahidi kwamba mtu alichukua linta kutoka kwingine. Wakhmeri wenyewe walikuwa na desturi ya kutumia tena linta na miimo ya mababu, kwa hiyo linta ya karne ya 7 juu ya mlango wa karne ya 10 si lazima iwe kazi ya watawa wa juzi.

Anza na nguzo ndogo za pembeni, kwa sababu ni rahisi. Zenye umbo la duara ni za karne ya 7 na 8. Kuanzia karne ya 9 zina pembe nane, na kadiri miaka inavyosonga mapete yanaongezeka na majani kati yake yanazidi kuwa madogo, hadi nguzo nzima inaonekana kama imekatwa mapete matupu.

Kisha tazama linta yenyewe. Makara wawili, wanyama wa majini wenye mkonga, wakiwa ncha mbili na kutazama ndani, na kati yao tao lenye medali, ni nusu ya kwanza ya karne ya 7, mtindo wa Sambor Prei Kuk. Makara wakitoweka na tao likinyooka, umeingia mtindo wa Prei Kmeng. Majani matupu bila mtu wala mnyama ni karne ya 8. Mwishoni mwa karne ya 9, kwenye mahekalu ya Preah Ko na Lolei, nakshi inachimbwa kwa kina na kujaa vitu: uso wa zimwi kala katikati, shada linalotoka kinywani, wapanda farasi wadogo, nyoka kwenye ncha. Wengi huziona linta hizi kuwa bora kuliko zote, na ni vigumu kuwapinga. Karne ya 10, mungu hukaa juu ya kala katikati. Hekalu la Banteay Srei la 967 ndilo kipimo. Karne ya 11 kala huteremka hadi ukingo wa chini, na baadhi ya linta hugeuka kuwa hadithi nzima yenye watu wengi. Mwishoni mwa karne ya 12 shada hukatika vipande na uchongaji huwa wa haraka.

Andika "mtindo wa" na si "mwaka wa". Hekalu la mkoani lilichelewa kufuata mji mkuu, pengine kwa kizazi kizima.

Tarehe zilizoandikwa

Maandishi ya kale hukaa hasa kwenye miimo ya mlango, upande wa ndani, kwa Kisanskriti au Kikhmeri cha kale. Miimo ya Lolei imejaa orodha ndefu za watumishi wa hekalu. Miaka yake ni ya Saka, kalenda ya kale ya Kihindi: ongeza 78. Saka 815 ya Lolei ni 893. Saka 964 ya Sa Kamphaeng Yai ni 1042. Katika Kisanskriti mwaka huandikwa kwa maneno ya mafumbo yanayosimamia tarakimu, kwa hiyo mwachie mtaalamu; katika Kikhmeri cha kale mara nyingi kuna tarakimu.

Maandishi mapya ya wafadhili, kwenye nguzo na kuta za vihara, yana faida yake: yanakwambia ni lini eneo lilichimbwa. Jifunze tarakimu kumi za Kikhmeri, ០១២៣៤៥៦៧៨៩. Mwaka ulioandikwa គ.ស. ni wa kalenda ya kawaida. Ulioandikwa ព.ស. ni wa Kibudha: Kambodia toa 544 kama tarehe iko baada ya sikukuu ya Visak, ambayo kwa kawaida huwa Mei, na 543 kama iko kabla yake. Thailandi toa 543.

Picha na vipimo

Nakshi hutaka mwanga unaoteleza juu ya uso wa jiwe. Linta ya mashariki saa moja asubuhi inapigwa jua usoni na kuonekana bapa. Subiri saa nne au tano, jua likiwa juu na kivuli kinashuka. Ya magharibi, saa saba mchana. Upande wa kaskazini hupata jua la adhuhuri kati ya mwisho wa Aprili na katikati ya Agosti tu. Miezi mingine tumia tochi, ukiishika pembeni karibu na ukuta huku mwenzako akipiga picha. Kwa maandishi piga mara nne, tochi ikitoka kushoto, kulia, juu na chini.

Ukitaka kutengeneza umbo la pande tatu kwa programu, picha zipandane asilimia 70 hadi 80, zunguka jiwe katika kimo tatu tofauti, na usibadilishe zumu katikati ya kazi. Kosa la kawaida ni kusahau kadi ya kipimo. Umbo linatoka zuri lakini halina ukubwa.

Usimwagie jiwe maji ili herufi zionekane, usipake unga wala chaki, na usisugue karatasi juu ya maandishi bila kibali. Maji huyeyusha chumvi iliyomo ndani ya jiwe, na inapokauka hujitengeneza fuwele chini ya ngozi ya jiwe na kuibandua, herufi zikiwemo.

Kinachoharibu

Chumvi hiyohiyo ndiyo sababu saruji ni adui wa tofali la kale. Saruji ni ngumu na haipitishi unyevu. Maji yanayopanda kutoka ardhini hutafuta njia kupitia tofali, ambalo ndilo laini, na baada ya misimu michache tofali limegeuka unga huku kiraka cha saruji kikiwa kimesimama kizima. Rangi ya mafuta na ya dhahabu hufanya vivyo hivyo juu ya jiwe la mchanga. Chokaa hupumua, kwa hiyo ndiyo ya kutumiwa, tena na mafundi wa idara husika.

Tazama maji ya paa la vihara yanamwagika wapi. Mara nyingi bomba huishia kwenye msingi wa mnara, na hilo ni tatizo ambalo achar anaweza kulimaliza kwa mfereji mmoja. Tazama pia jiwe la mchanga lililosimamishwa tabaka zake zikiwa wima: huchanika kama kurasa. Vyuma vya kubania vikishika kutu huvimba na kupasua jiwe kutoka ndani. Mavi ya popo huongeza chumvi kwenye kuta za chumba cha ndani. Mizizi ya miti ya jamii ya mkuyu ni suala la hesabu: mti mchanga ung'olewe mapema, mti mkubwa usikatwe bila mhandisi, kwa maana pengine ndio unaoshikilia ukuta, na mizizi ikioza ukuta unaachwa na nafasi tupu ndani.

Ubani na mishumaa viachwe viendelee, ila sahani ya mchanga isogezwe mbele ya ukuta badala ya kubanwa chini ya linta. Ombi la namna hiyo likitolewa kwa heshima hukubaliwa. La kuzuia ibada halikubaliwi, wala halistahili.

Kitu kikitokea ardhini

Monasteri hujenga kila mwaka: choo, jiko, kibanda kipya cha watawa. Jembe likigonga jiwe lenye nakshi, sheria ya Kambodia ya urithi wa utamaduni ya 1996 inataka kazi isimame na taarifa itolewe mara moja kwa polisi wa eneo, nao waifikishe kwa gavana wa mkoa. Ndani ya Angkor mwenye mamlaka ni APSARA, taasisi ya serikali inayosimamia hifadhi hiyo. Thailandi ni Idara ya Sanaa. Kabla ya mtu yeyote kulinyanyua jiwe, lipige picha likiwa shimoni, pamoja na kadi ya kipimo na mshale wa kaskazini, upime kina chake kutoka usawa wa ardhi na umbali wake kutoka pembe mbili za jengo lisilohama. Jiwe likishatolewa bila vipimo hivyo, hakuna namna ya kuvipata tena.

Usichapishe mtandaoni mahali hasa ilipo sanamu ndogo isiyofungwa kwa saruji au chuma; wezi wa vitu vya kale husoma pia. Picha na mchoro wenye namba chapisha nakala mbili: moja kwa ofisi ya utamaduni ya mkoa, nyingine kwa achar. Ile ya achar iandikwe tarehe kwa kalenda zote mbili.